Kinga imelipiwa, tovuti bado imefungwa: kutafuta kosa kwenye beian

Simu za aina hii huja usiku. Mfanyabiashara ana kampuni Guangzhou au Yiwu, tovuti yake ya bidhaa iko kwenye seva ya China bara, na tangu jioni imelala kwa mafuriko ya trafiki. Amenunua kinga ya wingu dhidi ya DDoS, yaani mafuriko kama hayo, amebadilisha DNS (rekodi inayosema jina la tovuti lielekee anwani gani) kama alivyoelekezwa, na sasa hata ule ukurasa uliokuwa ukifunguka kwa kukwamakwama haufunguki kabisa. Anaamini washambuliaji wamemzidi nguvu. Mara nyingi washambuliaji walishaondoka zamani, na kilichobaki ni karatasi.

Karatasi yenyewe ni usajili wa tovuti kwa Wizara ya Viwanda na Teknolojia ya Habari ya China, MIIT. Chanzo chake ni amri namba 292 ya Baraza la Serikali ya mwaka 2000, kisha zikaja kanuni za 2005 zilizoeleza namna ya kusajili tovuti zisizotoza watu pesa kwa taarifa. Wanaofanya biashara kule huiita beian, na hapa nitaiita hivyohivyo.

Kabla ya dalili, elewa mafundo matatu

Beian imefungwa kwa mafundo matatu. La kwanza ni mwenye tovuti: kampuni yenye leseni ya biashara ya China na nambari yake ya tarakimu 18, pamoja na mtu mmoja anayewajibika. La pili ni domeini. La tatu, ambalo husahauliwa na karibu kila mtu, ni kampuni inayoipa tovuti njia ya kuingia mtandaoni, yaani mwenye ile anwani ya IP ambayo domeini inaelekezwa.

Utaona alama za mafundo hayo kwenye nambari yenyewe. Ya Guangdong huanza na 粤, ya Zhejiang huanza na 浙, ya Beijing 京. Mwishoni kuna -1, -2 na kuendelea: nambari kuu ni ya mwenye tovuti, na hicho kimkia ni cha tovuti moja moja. Fundo la tatu halionekani popote kwenye nambari. Ndiyo maana linatutesa.

Sasa angalia kinga inavyofanya kazi. Badala ya domeini kuelekea kwenye seva yako, unaielekeza kwenye IP ya kinga. Trafiki yote inaingia kwenye kituo cha kuchuja, takataka zinabaki pale, na iliyo safi inapelekwa kwenye seva mama, yaani ile yako yenye tovuti. Kwako wewe huo ni ufundi tu. Kwa mkaguzi wa China, tovuti yako imehamisha mlango. Beian hufuata mlango ambao trafiki inaingilia. Haijali pasipoti ya mwenye tovuti, wala haijali kama wateja wake wote wako Kariakoo. Mlango ukiwa China bara, beian inatakiwa. Mlango ukiwa Hong Kong, Macau, Singapore au Frankfurt, haitakiwi.

Mkaguzi huyo wa mlangoni si askari wa wizara. Ni kampuni ya wingu yenyewe, iliyobebeshwa jukumu la kutompitisha asiyesajiliwa. Mitambo yake husoma jina la domeini kwenye ombi la HTTP, na kwenye HTTPS hulisoma mwanzoni mwa kusalimiana, kabla usimbaji haujakamilika. Jina lisilo na beian linakatwa hapohapo.

Dalili: konsoli inakataa kupokea domeini

Unaandika domeini kwenye ukurasa wa kinga, unabonyeza kuongeza, na unaambiwa haina beian. Hili ndilo tatizo la heri kuliko yote, kwa sababu umeambiwa ukweli kabla hujagusa DNS.

Nenda kwenye beian.miit.gov.cn utafute domeini. Tafuta jina kuu, bila www. Beian hushikwa na domeini kuu, na matawi yake yote hufunikwa na hiyo. Ukitafuta kwa jina la tawi hutapata kitu na utaanza kulia bure. Ikikosekana kweli, hakuna njia ya mkato kwenye konsoli, ruka hadi sehemu ya mwisho ya mwongozo huu.

Ikipatikana, uliza imepitishwa lini. Iliyopitishwa jana inaweza kuwa haijafika kwenye kumbukumbu za kampuni ya wingu. Subiri siku moja au mbili kabla ya kufungua tiketi. Kwenye matokeo hayohayo kuna safu inayosema kama domeini imezuiwa kupewa huduma. Ikionyesha kuwa ndiyo, achana na kinga kwanza, kuna jambo kati ya mwenye tovuti na mamlaka ya mawasiliano ya mkoa.

Halafu kuna kosa la dukani. Alibaba Cloud, kwa mfano, huuza kinga hii kwa sura mbili: moja ya China bara na nyingine ya nje ya China bara. Ya kwanza hudai beian, ya pili haidai. Cloudflare nayo ina mtandao wake wa China, unaoendeshwa kwa ushirikiano na JD Cloud, na kila domeini kuu inayoingizwa humo lazima iwe na beian. Mtandao wake wa kawaida hauulizi kitu. Nimeshaona mtu analipia ya China bara kwa sababu tu ilikuwa ya kwanza kwenye orodha, ilhali seva yake na wateja wake wote walikuwa nje.

Dalili: domeini imepokelewa, DNS imebadilishwa, tovuti haifunguki

Hapa ndipo usiku huwa mrefu. Beian ipo, ukiitafuta inaonekana, konsoli haikulalamika, na bado tovuti imekatika.

Anza na swali moja: imekatika kwa nani? Mpigie mtu aliye Guangzhou, na wewe uliye Dar au Mombasa ujaribu pia. Kizuizi cha beian kiko kwenye lango la kituo cha data, kwa hiyo kinamkata kila anayebisha, awe wa Guangzhou au wa Mombasa. Kama mlango uko nje ya China bara na aliyekatwa ni wa China peke yake, basi shida iko mpakani, kwenye uchujaji wa intaneti ya China, na hakuna beian itakayoitibu hiyo. Ukikatwa wewe na yeye, endelea.

Jaribu HTTP tupu bila HTTPS, ukiilazimisha ipite kwenye IP ya kinga bila kungoja DNS:

curl -v --resolve jina-lako.com:80:203.0.113.10 http://jina-lako.com/

Weka domeini yako na IP ya kinga uliyopewa. Angalia vichwa vya jibu. Kwenye Alibaba Cloud, jibu la 403 (umekataliwa) lenye kichwa cha Server kilichoandikwa Beaver ni sauti ya mkaguzi wa beian. Ombi lako halikufika kwenye seva kabisa, kwa hiyo acha kuchimba kumbukumbu za nginx, programu ya wavuti iliyo kwenye seva. Kwingine unaweza kupelekwa kwenye ukurasa wa Kichina wa kampuni ya wingu unaosema tovuti haijasajiliwa. Rudia kwa HTTPS, ukibadilisha 80 kuwa 443 na http kuwa https: mara nyingi huoni ukurasa wowote, muunganisho unakatwa tu wakati wa kusalimiana. Kivinjari kitasema muunganisho umekatizwa, na fundi mwenye haraka ataanza kushuku cheti cha HTTPS. Cheti hakina kosa.

Kuna kipimo kingine cha uhakika. Rudia ombi lile la HTTP ukitumia jina la domeini nyingine unayojua ina beian hai kwenye kampuni hiyohiyo. Likipita, hata kama jibu ni kosa la kawaida la kinga kuwa haiijui tovuti hiyo, umejua kuwa IP ni nzima, na kinachokataliwa ni jina.

Mbona jina likataliwe wakati beian ipo? Ni fundo la tatu. Beian ilifanywa kupitia kampuni ya wingu ya zamani, kinga imenunuliwa kwa nyingine, na hii mpya haimo kwenye usajili kama mlango wa tovuti hiyo. Ukurasa wa umma wa MIIT hauonyeshi mlango, unaonyesha mwenye tovuti, nambari, domeini, tarehe na ile safu ya kuzuiwa tu. Hivyo unaweza kuutazama mwezi mzima ukiapa kwamba kila kitu ni sawa.

Dawa yake huitwa jieru beian: unaiongeza kampuni mpya kama mlango wa tovuti iliyokwisha sajiliwa. Nambari haibadiliki. Unawasilisha kupitia konsoli ya kampuni mpya, wanakagua wao kwanza, kisha ombi linakwenda kwa mamlaka ya mawasiliano ya mkoa, ambayo ina hadi siku 20 za kazi. Kwa kawaida tovuti inaendelea kufanya kazi ilikokuwa wakati ombi likisubiri, kwa hiyo rudisha DNS ya zamani kwa muda huo.

Angalia kitufe unachobonyeza. Kwenye konsoli kuna vitufe vitatu vinavyofanana sura kwa asiyesoma Kichina: kimoja hufuta mlango, kingine hufuta tovuti, na cha tatu humfuta mwenye tovuti pamoja na tovuti zake zote. Mteja wangu mmoja, muuza spea za pikipiki, alitaka kuhama kampuni akasema afute kwanza kule alikotoka ili asilipie mara mbili. Tafsiri ya simu ikamwambia vyote vitatu ni "ghairi". Alibonyeza cha tatu. Tukaanza upya na leseni ya biashara mkononi, na spea zikauzwa kwa WeChat mwezi mzima.

Usijidanganye na mlango wa 8000. Hapa mlango ni port, ile nambari inayoandikwa baada ya anwani, si kampuni. Wapo wanaogundua kwamba tovuti inafunguka kwa :8000 huku 80 na 443 zimefungwa, wakaona wameshinda. Wamejithibitishia tu kwamba tatizo ni beian, maana ukaguzi hubana zaidi ile milango ya kawaida ya wavuti. Kwenye mikoa ya AWS ya Beijing na Ningxia, ambayo huendeshwa na kampuni za Kichina Sinnet na NWCD, milango ya 80, 443 na 8080 hufungwa hadi beian ipite. Kujenga duka kwenye mlango wa pembeni ni kujenga kibanda kwenye hifadhi ya barabara. Utauza, lakini usinunue mabati mapya.

Dalili: nimekimbilia kinga ya nje, bado napigwa 403

Hii ni ya wajanja. Kasikia kinga ya nje haidai beian, akainunua, akaelekeza domeini huko, na seva mama akaiacha Shenzhen.

Fuata njia ya ombi. Mgeni anabisha Singapore, kinga inamchuja, kisha kinga yenyewe inabeba ombi hilo hadi Shenzhen, na ndani yake limeandikwa jina la domeini. Lango la Shenzhen linalisoma jina hilo kama linavyolisoma jina lolote. Halina beian? Linakatwa, na kinga inamrudishia mgeni jibu hilo la 403, au inasema seva mama haipatikani. Mlango wa kwanza ulikuwa huru, wa pili haukuwa.

Kama huna beian, vyote viwili lazima viwe nje, kinga na seva mama. Hong Kong ndiko wengi huhamia kwa sababu ya ukaribu. Wateja walioko China bara wataona kasi imepungua na jioni itakuwa mbaya zaidi. Kwa duka ambalo wanunuzi wake wako Dar es Salaam, Lubumbashi na Kampala, hilo huenda hata lisionekane, na kwa maoni yangu wengi wa wateja hao hawakuwa na sababu ya kuweka tovuti China bara tangu mwanzo. Kampuni kuwa Guangzhou hakuilazimishi tovuti ilale Guangzhou.

Kinyume chake pia hutokea: kinga iko China bara, seva mama iko Hong Kong. Hapo beian bado inatakiwa, kwa kuwa mgeni anaingilia bara. Seva kuwa nje hakukusamehe.

Dalili: ilikwenda vizuri miezi, leo imekatika yenyewe

Hakuna aliyegusa kitu, hakuna shambulio, na kinga inaonyesha trafiki sifuri. Kampuni za wingu hukagua beian tena na tena, si siku ya kwanza tu, na ikionekana imefutwa husimamisha upitishaji. Swali ni nani aliifuta.

Mtuhumiwa wangu wa kwanza siku zote ni beian ganda, kama Wachina wenyewe wanavyoiita: ganda tupu, hamna kitu ndani. Kampuni iliyokusajilia hupima mara kwa mara kama domeini bado inaelekea kwenye IP zake. Ulipohamishia domeini kwenye kinga ya kampuni nyingine, yule wa kwanza alianza kuona domeini inaelekea kwa mwenzake. Kwake yeye umeshahama. Anatuma barua pepe na ujumbe wa simu, na usipojibu anauondoa mlango wake kwenye usajili. Kama ulishaongeza mlango mpya, huna hasara. Kama hukuongeza, tovuti imebaki na beian isiyo na mlango hata mmoja, na kutoka hapo kufutwa ni suala la muda.

Hali hiyohiyo huletwa na seva kuisha muda. Watu hununua seva ndogo ya miezi mitatu ili wapate haki ya kuomba beian, wakishaipata wanaiacha ife kwa kubana matumizi. Seva ikifa, sababu ya kampuni kukushika imekufa.

Watuhumiwa wengine: domeini ilikwisha muda ikanunuliwa upya kwa jina la mtu mwingine; leseni ya biashara ilibadilishwa jina au anwani na hakuna aliyekwenda kurekebisha beian; mtu anayewajibika ameacha kazi na simu yake haipokelewi. Hilo la simu halina mzaha. Nambari iliyoandikwa kwenye beian hupigiwa, na ikishindikana hiyo peke yake yatosha kuanzisha uchunguzi.

Ingia barua pepe ya akaunti ya wingu, siyo ya mwenye duka, utafute ujumbe wa siku 30 au 60 zilizopita. Karibu kila mara onyo lipo, limelala kwenye folda ya takataka, kwa Kichina.

Dalili: 502, 504, au inafunguka nusu

Hizi ni nambari za makosa zinazosema seva mama haikujibu vizuri au imechelewa. Hii si beian, usipoteze siku. Mkaguzi wa beian hakawii wala hasitisiti. Tovuti ikifunguka mara moja kati ya tatu, au ikichelewa sekunde 30 kisha ikatoa 504, angalia ukuta wa moto wa seva mama: baada ya kuweka kinga, wageni wote wanafika kwa anwani chache za kinga, na ukuta unaodhani huo ni uvamizi unazifungia. Ziruhusu anwani hizo za kinga, zimeorodheshwa kwenye konsoli. Kama seva mama bado inapigwa moja kwa moja, washambuliaji wanaijua IP yake ya zamani; ibadilishe baada ya kuweka kinga, na uangalie rekodi za barua pepe na matawi ya domeini zisiitangaze tena. Kwenye Alibaba Cloud, IP iliyotupwa shimo jeusi, yaani iliyokatiwa trafiki yote, kwa kuzidiwa na mafuriko hukaa humo saa mbili na nusu kwa mpangilio wa kawaida, na kuwasha upya seva hakuipunguzii kifungo.

Dalili: ombi la beian linarudishwa kila mara

Umekubali kufuata sheria, umewasilisha, na linarudi. Soma sababu yenyewe, usiwasilishe tena kwa hasira.

Domeini ndiyo huangusha wengi. Lazima kiambishi chake kiwe kimeidhinishwa na MIIT na msajili wake pia awe ameidhinishwa. .com na .cn zinapita. .tz na .ke hazipiti, na .io haipiti, hata ukibembeleza. Domeini ya .com uliyoinunua kwa msajili wa Marekani au wa Nairobi asiye na idhini hiyo itabidi uihamishie kwa msajili aliyeidhinishwa, na kuhamisha nako kuna siku zake. Kisha mwenye domeini athibitishwe utambulisho. Tangu Januari 2018, jina lililo kwenye domeini linatakiwa liwe la mwenye tovuti. Kwa kampuni, laweza kuwa la mwakilishi wake wa kisheria, mwenye hisa au kiongozi wa juu. Domeini iliyonunuliwa na shemeji kwa kadi yake haitapita, shemeji hata awe mwaminifu namna gani.

Kampuni isiyosajiliwa China haina pa kuanzia. Leseni ya BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ni halali kabisa Tanzania, lakini fomu inadai ile nambari ya tarakimu 18. Kampuni inayomilikiwa na wageni lakini imesajiliwa China inaweza kuomba.

Jina la tovuti kwenye fomu si jina la domeini. Jina la herufi za Kilatini tupu hurudishwa mara nyingi, na lenye neno "China" au "taifa" hutiliwa shaka. Andika jina la kampuni kama lilivyo kwenye leseni na utalala usingizi.

Tovuti isiwe wazi wakati ombi la mara ya kwanza linakaguliwa. Mkaguzi akiifungua akakuta duka linauza, anarudisha. Watu waliokwisha weka kinga husahau hapa: wanazima seva mama, lakini kinga inaendelea kutoa nakala ya ukurasa iliyohifadhiwa kwenye kashe.

Na kuna ujumbe wa simu. Baada ya ombi kutumwa, MIIT hutuma msimbo kwenye nambari ya China ya anayewajibika, nao unatakiwa ujazwe ndani ya saa 24. China iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa tano. Ofisi zinapofunguliwa saa tatu asubuhi kule, Dar ni saa kumi alfajiri. Hilo bado lavumilika. Balaa ni laini ya China iliyoachwa kwenye droo ya ofisi Xiaobei, Guangzhou, wakati mwenyewe yuko likizo Moshi. Saa 24 zikipita, ombi linarudi mwanzo wa foleni. Kabla ya kuwasilisha, hakikisha laini iko hewani na iko mkononi mwa mtu anayejua anachokisubiri.

Kuna pia wanaochanganya beian na leseni. Duka linalouza bidhaa zake lenyewe kwa kawaida linatoshwa na beian. Jukwaa linalowakaribisha wauzaji wengine na kuwatoza, au linalouza taarifa, linaingia kwenye leseni ya ICP, ile ya watoa taarifa mtandaoni kibiashara, ambayo nambari yake ina herufi 证 mahali pa 备. Hiyo ni safari nyingine na wakili wake. Wenye programu ya simu nao wasijione wako salama kwa kuwa hawana tovuti: tangu Septemba 2023 programu mpya zinadaiwa beian yake, na zilizokuwepo zilipewa hadi mwisho wa Machi 2024.

Shambulio linaendelea na beian sina, nifanye nini leo?

Hutapata beian leo. Anayekuambia anaweza kukupatia kwa saa tatu anakuuzia ya mtu mwingine, na siku ikigundulika utafungiwa huduma wewe na domeini yako.

Kama beian ipo ila iko kwa kampuni nyingine, usinunue kinga kwingine hata kama bei yake ni nzuri. Nunua kinga kwa kampuni ambayo tayari ndiyo mlango wako; kampuni kubwa zote za wingu za China zinaiuza, na utakuwa hewani mara tu DNS itakapoenea. Baadaye, shambulio likitulia, ongeza mlango wa pili kwa utulivu ikiwa bado unataka kuhama.

Kama haipo kabisa, nakili tovuti na hifadhidata kwenda kwenye seva ya Hong Kong au Singapore, weka mbele yake kinga isiyo ya China bara, kisha ndipo ubadilishe DNS. Kwa mpangilio huo. Ukitanguliza DNS, washambuliaji wataipata IP mpya ya seva kabla kinga haijakaa. Seva ya zamani ya bara iache ikiwa hai ikiwa unakusudia kuombea beian, ila funga wavuti yake.

Beian itakapopita, weka nambari chini ya ukurasa wa mwanzo ikiwa na kiungo cha kwenda beian.miit.gov.cn. Kisha una siku 30 tangu tovuti ifunguliwe za kuiandikisha pia kwa Wizara ya Usalama wa Umma, beian ya polisi, yenye nambari yake mwenyewe ya kuweka kando ya ile ya kwanza. Fomu yake inauliza IP ya tovuti na kampuni inayotoa huduma. Andika hali ilivyo, kinga na seva mama, maana ukiandika IP ya zamani utapigiwa simu kwenye ile laini iliyo kwenye droo.